Nilivyomchinja Mbuzi wa Rehema

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa kudhani kwamba kila mtoto ana simu yake. Nilitengeneza mchezo wa simu wa kufundisha kilimo, mchezo wa mtu mmoja, wa kimya, unaotaka utulivu. Nikaujaribu peke yangu chumbani kwetu Makorora, mlango ukiwa umefungwa, nikaridhika nao kabisa. Na mimi nimekulia nyumba yenye simu moja tu, simu ya mama, ambayo sisi ndugu tulipokezana hadi inazima. Sijui nilisahau vipi.

Naandika haya kwa sababu vijana waliotoka kwenye klabu zetu za shule, ambao sasa wanataka kuingia kazi hii, wameniomba niwaeleze ilivyokuwa. Wakinikuta wananiamkia shikamoo. Nina miaka thelathini na moja. Naitika marahaba huku nikitazama chini, lakini ni kweli kwamba hapa Tanga waliofanya kazi hii kabla yangu hawakuwa wengi, na ni kweli kwamba nimeshaiacha. Kwa hiyo nitaandika kama mstaafu. Ukurasa huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi, na hata huu mnaousoma sijaridhika nao.

Siku ya kwanza nilikwenda Raskazone, kwenye nyumba ya zamani yenye veranda pana ambayo mradi ulikuwa umeipanga iwe ofisi. Nilivaa shati la ndugu yangu. Aliyenipokea ni Mkurugenzi mwenyewe, mama wa Kisambaa kutoka Lushoto, ambaye kabla ya cheo hicho alikuwa bibi shamba kwa miaka mingi, yaani mtaalamu wa serikali anayezunguka vijijini kuwashauri wakulima. Sote tulimwita Mama Mkurugenzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Bakari, fundi simu wa Chumbageni?"

"Ndiyo, mama."

"Cheti cha kompyuta unacho?"

"Sina, mama. Nimejifunza mwenyewe."

"Cha kilimo?"

"Nacho sina."

"Sasa mwanangu, umekuja na nini?"

Nikampa simu yangu. Ndani yake kulikuwa na mchezo niliouunda kibandani, kati ya mteja na mteja: bajaji inayopeleka abiria mitaani bila kugonga mtu. Mama Mkurugenzi akavaa miwani, akaishika simu kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi, akaendesha. Hakufika mbali. Bajaji ikatumbukia.

"Umenitia mtaroni siku ya kwanza!" alisema, akicheka mpaka miwani ikashuka puani. "Njoo Jumatatu."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mradi ulitaka watoto wa shule za msingi na sekondari wajifunze kilimo endelevu, yaani kulima leo bila kuua udongo wa kesho: kutandaza majani ili ardhi isikauke, kuchanganya mahindi na kunde ili kunde zirudishie udongo kile ambacho mahindi yamechukua, kuozesha mboji badala ya kuchoma takataka, kupanda uzio wa miti badala ya kukata miti kwa ajili ya uzio. Mambo haya yalishachapishwa kwenye vipeperushi, na vipeperushi vilikuwa vikifungiwa karanga. Ndipo Mama Mkurugenzi akasema tutengeneze michezo.

Mchezo wa simu hauandikwi kuanzia sifuri. Kuna programu inayoitwa injini, ambayo inakupa tayari namna ya kitu kusogea, kuanguka, kugongana na kingine. Juu ya injini unaandika msimbo, maagizo yako mwenyewe: mvua ikinyesha na matandazo hayapo, udongo upungue. Unagawa mchezo katika hatua, kila hatua ngumu kidogo kuliko iliyotangulia. Ukimaliza unatoa toleo la majaribio, na unaanza kutafuta hitilafu, makosa yaliyojificha, kama mzizi wa mhogo unaokua kuelekea angani. Mimi niliajiriwa kutafuta hitilafu. Nilizipata hata zisizokuwapo.

Baada ya muda nikapandishwa kuwa mtengenezaji msaidizi, nikaanza mchezo wangu, nikauita Rutuba. Sijawahi kupenda kitu hivyo. Kila jani nililichora mwenyewe. Udongo ulikuwa na kipimo cha afya kilichopanda na kushuka kulingana na ulichopanda msimu uliopita. Masika ilikuwa na mvua zake na vuli mvua zake. Ukikosea nafasi kati ya mche na mche, mavuno yote yanaharibika na unarudi mwanzo, kwa sababu niliamini kosa lazima liume ndipo mtu akumbuke. Kitu nilichokuwa nikikitaka kilijulikana ofisi nzima. Mama Mkurugenzi alikuwa ametangaza kwamba mchezo mmoja utachaguliwa kupelekwa kwenye klabu zote za shule, kuanzia Muheza hadi Pangani, na aliyeutengeneza atakuwa Mtengenezaji Mkuu. Nilishaandika maneno hayo chini ya jina langu, kwenye simu yangu, nikayatazama na kuyafuta.

Ndipo akaja Rehema.

Rehema alikuwa amesoma kilimo Morogoro, na cheti chake kilikuwa na mhuri wa kung'aa. Babu yake alikuja Tanga kutoka mbali kukata mkonge, ukoo ukabaki, na yeye alizungumza kama mtu ambaye kila mahali ni kwao. Alikuwa akila muhogo wa kuchoma mezani na kugusa kompyuta kwa vidole vyenye pilipili. Alipofika hakujua kuandika msimbo hata mstari mmoja. Mama Mkurugenzi akaniambia, "Bakari, mfundishe mwenzio."

Nilimfundisha. Nataka niwe mkweli hapa: nilimfundisha polepole makusudi. Haikusaidia kitu. Mambo niliyoyapata kwa kukesha na kukosea, bila mtu wa kumwuliza, yeye alinisikiliza mara moja akiwa anatafuna, akasema, "Aa, kumbe! Kama mapishi tu," akaenda kuyafanya. Yalikuwa na fujo ndani, lakini yalifanya kazi. Nilikuwa nikirudi nyumbani na maumivu ya tumbo. Mama yangu akidhani ni chakula cha ofisini akaanza kunifungia wali.

Mchezo wa Rehema uliitwa Mbuzi wa Jirani. Una kishamba chako cha mahindi na kunde. Ukiacha mpaka wazi, mbuzi wa jirani anaingia, anakula kila kitu, kisha anageuka, anakutazama usoni na kusema, "Asante, jirani!" halafu anacheka. Sauti ilikuwa ya Rehema mwenyewe. Aliirekodi verandani, na mlinzi akaja mbio akidhani mtu ameumia. Ukipanda uzio wa milusina, ile miti ambayo majani yake ni chakula kizuri cha mifugo, mbuzi anabaki nje. Unamkatia majani anakula, naye anakupa samadi ya kurutubisha shamba. Adui anageuka rafiki. Michoro ilikuwa mibaya. Mbuzi alikuwa na miguu isiyolingana.

Mara ya kwanza kumsikia yule mbuzi nilikuwa nikinywa chai. Nilicheka, chai ikanitoka puani. Kisha nikakasirika kwa sababu nimecheka.

Kabla ya kwenda kujaribu mashuleni tulikaa kikao. Mama Mkurugenzi akasema, "Bakari, wewe una jicho. Mchezo wa Rehema una kasoro gani?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema jani la kunde limechorwa vibaya. Nikasema mbuzi hacheki. Nikasema kivuli cha nyumba kinaangukia upande wa jua. Nikasema mahindi na kunde haviwezi kukomaa siku moja. Nikasema rangi ya udongo si ya Muheza. Rehema mwanzoni aliitikia kila neno, baadaye akaanza kumenya chungwa. Mama Mkurugenzi alikuwa akitazama saa ya ukutani. Mwisho kabisa, wakati viti vimeshaanza kusukumwa nyuma, nikasema pia samadi inatupwa kwenye miche ikiwa mbichi.

"Haya, tumekusikia," alisema Mama Mkurugenzi. "Gari linasubiri."

Samadi mbichi, kwa asiyejua, ina ukali. Ikirundikwa kwenye mche mchanga inauunguza. Lazima ichanganywe na majani, ifunikwe, ioze mpaka iwe mboji. Kati ya kasoro zote nilizozitaja hiyo ndiyo pekee iliyokuwa na maana, na mimi nilijua. Niliiweka mwisho. Kwa wiki kadhaa nilijiambia kwamba ilitokea tu.

Nikatumwa Muheza kuwa msimamizi wa majaribio, Rehema pamoja nami. Shule ilikuwa kando ya michungwa, na klabu ya mazingira ilikuwa na bustani yake ya mchicha nyuma ya darasa. Mwalimu wa klabu alitueleza kwamba mchicha ule utapikwa siku ya wazazi, watoto wawape wazazi wao chakula walicholima wenyewe. Watoto walikuwa wakiutazama kama watu wanavyotazama ng'ombe wao.

Tulianza na Rutuba. Nilileta simu chache za ofisi, nikampa mtoto mmoja mmoja simu yake na kuwaambia wakae mbalimbali. Hakuna aliyekaa mbali. Kabla sijamaliza maelezo walishakuwa duara, simu moja katikati, nyingine zimewekwa kwenye benchi kama hazipo. Mmoja anashika, wenzake wanamwelekeza kwa sauti. Ndivyo wanavyocheza nyumbani kwa simu ya mama au ya shangazi, na ndivyo walivyojua simu inavyochezwa. Binti aliyeshika akakosea nafasi ya mche. Mavuno yote yakanyauka.

"Umetuua na njaa, we Mwanahawa!"

"Si ninyi mmesema pale?"

"Nani kasema? Mimi nimesema pale?"

Akapewa mwingine simu, naye akakosea, akazomewa. Wa tatu akakataa kuipokea. Aliweka mikono nyuma kabisa. Mwanahawa akaiokota simu kwenye majani, akaifuta kwa sketi yake na kunirudishia kwa adabu.

"Shika kaka, simu yako."

Kisha Rehema akawapa mbuzi. Sitasimulia kwa urefu. Walipiga kelele hadi darasa la jirani likatoka nje. "Uzio! Uzio, wee, anakuja!" Na mbuzi alipoingia, klabu nzima ilisema pamoja naye, "Asante, jirani!" na kuanguka wakicheka, kisha aliyeliwa shamba akampa mwenzake simu bila aibu yoyote, kwa sababu kuliwa na mbuzi kulikuwa nusu ya raha. Mwalimu naye akaomba zamu. Mimi nilisimama pembeni nikichambua kivuli cha nyumba kwenye skrini, kivuli kilichokuwa upande wa jua.

Njiani kurudi Rehema aliniambia, "Kaka Bakari, bila wewe nisingejua hata kumsogeza mbuzi." Alisema kwa moyo safi. Nilimchukia kwa hilo kuliko kwa mengine yote.

Tuliporudi kwa ukaguzi, kabla ya siku ya wazazi, mchicha ulikuwa umeungua. Majani yalikuwa ya njano, kingo kama zimepitishwa motoni, na chini ya kila mche kulikuwa na kichuguu cha samadi mbichi.

"Tumeuwekea mavi ya mbuzi kama kwenye simu," alisema Mwanahawa. "Tumeweka mengi ili ukue haraka." Wenzake walikuwa nyuma yake. "Kwenye simu ulikua."

Rehema alichuchumaa, akashika jani moja, likakatika. 

Nami nilifurahi. Ningependa kuandika kwamba nilihuzunika, lakini vijana mnaoniamkia mmeniomba niseme ilivyokuwa. Mchicha wa watoto ulikuwa umeungua na mimi nilisikia furaha ikinipanda kifuani kama mtu aliyetangazwa mshindi. Nikatoa uso wa huzuni, nikauvaa. Nikasema, "Nilitaja hili kikaoni."

Jumatatu Mama Mkurugenzi alituita. "Mchezo unaofundisha watoto kuunguza miche siupeleki popote. Bakari, wewe uliona. Chukua mchezo wa Rehema, urekebishe wote. Rehema, utapumzika kidogo nao."

Nikauchukua. Nawaambieni, hakuna adhabu mbaya anayoweza kupewa mtu mwenye wivu kuliko kupewa kazi ya mwenzake airekebishe. Nilirekebisha samadi kwanza: sasa ilibidi irundikwe, ifunikwe majani, na mchezaji asubiri muda mrefu huku rundo likioza. Hapo ningeishia. Sikuishia hapo. Nilinyoosha miguu ya mbuzi. Nilihamisha kivuli. Kila kosa nililiwekea adhabu. Kisha nikafika kwenye kicheko, nikajiambia kwamba mbuzi hacheki wala hashukuru, nikaweka sauti halisi ya mbuzi niliyemrekodi sokoni. Nilifanya kazi hiyo kwa utulivu na usafi mkubwa. 

Tukarudi Muheza, safari hii na Mama Mkurugenzi mwenyewe ndani ya gari. Watoto walipoona simu walikimbia. Duara likafungwa. Mbuzi akaingia shambani, akala, akageuka.

"Meee."

Watoto wakangoja. Mbuzi akaondoka.

"Mbona hasemi?"

"Labda hajashiba."

Wakamwachia tena ale. "Meee." Kisha ikafika samadi, na skrini ikaonyesha rundo, na rundo likaoza, na likaoza, na hakukuwa na cha kufanya. Mmoja akaanza kuchora chini kwa kijiti. Mwanahawa akainua uso, akanitafuta kwa macho.

"Kaka, yule mbuzi yuko wapi?"

"Ndiye huyo."

"Siye," alisema. Akaniletea simu, akiifuta kwa sketi.

Rehema alikuwa nyuma yangu. "Kaka Bakari," alisema taratibu, "umemchinja mbuzi wangu. Na nyama hukunigawia."

Mwalimu akacheka kwa kutojua. Mama Mkurugenzi hakucheka. Alingoja tufike kwenye gari, akafunga mlango kwanza. "Nina mchezo unaochekesha na kuunguza mchicha," alisema, "na nina mchezo wa kweli unaolaza watoto. Nyinyi wawili mnakaa chumba kimoja. Mkirudi hapa tena na mbuzi maiti, nachapisha vipeperushi, na kila mtu atarudi alikotoka." Nilimjua. Alikuwa akimaanisha, na mimi nilikotoka ni kibanda cha kubadilisha vioo vya simu.

Kesho yake Rehema alivuta kiti akakaa mbele ya meza yangu. Hakuwa na muhogo wala chungwa.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja. Ile ya samadi, ulijua ni kubwa?"

"Niliisema."

"Uliisema baada ya jani la kunde. Baada ya kivuli. Baada ya mbuzi hacheki. Nimesoma kilimo, kaka, hiyo ningeielewa kwa neno moja. Mimi mwenyewe niliipitia haraka kwa sababu nilitaka mche ukue waone. Kosa ni langu. Lakini wewe uliliona, ukalifukia chini ya takataka. Ulijua?"

Nilitazama mikono yangu. "Nilijua," nikasema. "Sikutaka urekebishe."

Nilidhani atanyanyuka. Akabaki, akinitazama kama anayesoma kitu kidogo kilichoandikwa mbali.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unafanya kwa kucheka. Mimi nafanya hadi naumwa, na watoto wanakupenda wewe."

"Ati nafanya kwa kucheka! Unajua mara ngapi nimelia chooni humu kwa sababu wewe ukipita nyuma ya kiti changu unaguna?"

"Siguni."

"Unaguna, Bakari. Mlinzi anajua. Muulize."

Nilikuwa nataka kusema kitu cha kujitetea, lakini nikaguna. Akacheka, cheko lile lile la mbuzi, nami nikacheka, na kwa mara ya kwanza tangu afike tumbo halikuuma.

Tukaanza kazi. Tulimrudisha mbuzi, miguu mibaya na yote. Tuliondoa adhabu zangu. Ikabaki samadi. Lazima ioze, la sivyo tutaunguza mchicha mwingine, na kuoza kunataka muda, na muda ndio uliowalaza watoto. Tulikwama hapo siku kadhaa. Jioni moja nilikuwa nyumbani Makorora, mama anapika, watoto wa dada yangu wako mkekani na simu yake. "Bado zamu yangu!" "Yako imepita!" "Ikifika kwa Saidi halafu mimi!" Nilisimama mlangoni na taulo shingoni. Sisi ndugu tulikuwa tukingoja simu ile ile namna hiyo hiyo, na kungoja hakukuwahi kutuchosha, kwa sababu tulikuwa tukiitazama ikija.

Kesho yake nikamwambia Rehema: samadi isioze kwa saa. Ioze kwa mikono. Ukishaifunika unampa simu mwenzako, naye ana kishamba chake ndani ya mchezo huo huo, naye anapambana na mbuzi, halafu mwingine. Simu ikishazunguka duara lote na kurudi kwako, unafunua majani na kukuta mboji nyeusi, tayari. Ukiifunua kabla, mche unaungua, na mbuzi anakucheka.

Rehema aliacha kutafuna. "Hilo," alisema, "ningependa liwe limetoka kwangu." Nikaona usoni kwake kitu ninachokijua vizuri. Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo.

Muheza walipanda mchicha upya. Siku ya wazazi ilikuwa imepita na mchicha ule wa kwanza haukuliwa na mtu. Hilo hatukuweza kulirekebisha. Lakini tulipokwenda na toleo jipya, duara lilifungwa, mbuzi akasema asante, na simu ilipokuwa ikizunguka Mwanahawa aliwazuia wenzake kwa mkono: "Msifunue! Haijafika kwa Zaina!" Nyuma ya darasa, kando ya bustani, kulikuwa na rundo lililofunikwa majani ya migomba. Tuliwauliza lini watalifunua. Wakatujibu kwamba wanapokezana zamu za kulilinda, na watalifunua zamu ikishamfikia kila mmoja.

Mchezo ulichaguliwa. Jina lilibaki Mbuzi wa Jirani. Mama Mkurugenzi akamtangaza Rehema kuwa Mtengenezaji Mkuu na mimi Msaidizi wake, na mkono wake ulipokuwa ukinipigapiga begani nilitabasamu huku nikisaga meno. Nilihamishiwa Pangani kusimamia klabu za huko, nikazunguka nazo hadi mradi ulipofika mwisho wake, kama miradi inavyofika. Rehema akapata kazi Morogoro. Rutuba, mchezo wangu, umo kwenye simu moja tu, yangu. Huwa naufungua. Bado ni mzuri, na bado hakuna wa kucheza naye.

Sasa niko tena kibandani Chumbageni, nabadilisha vioo. Hivi karibuni mama mmoja aliniletea simu iliyopasuka, mwanawe akiwa amemshika khanga. Mtoto akanong'ona, "Kaka, tengeneza, lakini usimfute mbuzi." Nilipoiwasha kuijaribu, sauti ya Rehema ikatoka, "Asante, jirani!" na mtaa mzima ukageuka. Hakuna anayejua kwamba kungoja kule kwa mboji ni kwangu. Kungoja hakuna sauti. Jambo hilo linanikera, na mnaoingia kazi hii mjue litawakera nanyi: anayecheka ndiye anayekumbukwa.

Rehema bado hunitumia kazi zake mpya nizitazame. Ya mwisho ni ya umwagiliaji wa matone, nzuri mno, na nilipoifungua tumbo liliniuma kama zamani. Kisha nikaona kwamba ametoboa mabomba mbali na mizizi, maji yakaenda kwa magugu. Kulikuwa na vivuli vibovu pia, na jani moja la nyanya ambalo halipo duniani.

Wivu bado ninao. Kilichobadilika ni hiki: nilimpigia simu yeye mwenyewe, nikamwambia habari ya mabomba kwanza, na nilipomaliza hiyo nikakata.